Lodi Delamere Kanikosesha Usingizi

Mtu akikuambia mtaala huu wa umilisi ni wa watoto, mwulize nani hukata maboksi saa tano usiku. Watoto wetu saa hiyo wanakoroma. Wanaokata maboksi, wanaopaka gundi na kutafuta manyoya ya kuku ni sisi, halafu anayepigiwa makofi darasani ni mtoto. Mimi nilimaliza kidato cha nne zamani, nikadhani nimeachana na shule. Kumbe nilikuwa likizoni.

Ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi nikiwa nimetoka tu kuegesha tuktuk, ugali ndio unapakuliwa. "Wazazi wapendwa, kesho kutwa wanafunzi walete mradi wa utafiti: maisha ya mlowezi mmoja aliyeishi Kenya. Uwe na picha za rangi, kielelezo cha makazi yake, na mahojiano na mzee. Mzazi asimfanyie mtoto kazi." Wazazi wakamiminika: "Asante sana mwalimu," "Ubarikiwe mwalimu." Wanafiki wakubwa! Nami nikaandika "Ubarikiwe."

Binti yangu akamchagua Lodi Delamere, na sababu yake ni mtindi. Anakumbuka pale Naivasha, kando ya barabara, ambapo wenye magari yao husimama kununua mtindi wa Delamere, sisi wa matatu tunapapita tukipachungulia dirishani. Kwake yeye, Delamere ni mtu wa maziwa. Basi.

Nikaenda saiba. Kijana akaniuliza, "Mzee, huyu alikufa lini?" Nikamwambia tarehe 13 Novemba 1931. "Sasa picha ya rangi naitoa wapi?" Tukatazamana. Mwishowe akanitolea picha nyeusi na nyeupe kwenye mashine ya rangi, akanitoza bei ya rangi. Nyumbani binti akachukua krayoni akampaka nywele nyekundu, jambo ambalo ni kweli, nywele zake zilikuwa nyekundu. Lakini na midomo akaipaka. Lodi wa watu akawa kama bibi harusi.

Binti akasinzia juu ya manila, nikabaki mimi na simu na bando la usiku, nikaanza kusoma. Jamaa jina lake hasa ni Hugh Cholmondeley, baroni wa tatu wa Delamere, mzaliwa wa Uingereza, 1870. Afrika alijia kuwinda. Mwaka 1894, huko Usomalini, simba akamdaka. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemrukia yule simba mwilini mpaka bwana mkubwa akaifikia bunduki. Lodi akatoka na kuchechemea kwa maisha yake yote. Asubuhi nikamwambia binti: huyu Abdullah ndiye wa kufanyiwa mradi, kamrukia simba kwa mshahara wa kubeba bunduki! Akanijibu, "Baba, mwalimu amesema mlowezi."

Mwaka 1903 akaomba ardhi. Ombi la kwanza likakataliwa. La pili, upande wa Naivasha, likakataliwa, serikali ikiogopa mzozo na Wamaasai. La tatu akapewa: ekari 100,000 kule Njoro, mkataba wa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka. Nikamwamsha mama watoto aje ashuhudie hesabu. Ekari moja ukiikata unapata ploti kama nane za futi 50 kwa 100. Zidisha. Huyu bwana alipewa ploti 800,000! Mimi ninayo moja, nje ya mji, nimeichukua kwa mkopo wa sacco, na jirani yangu ameshahamisha ua wake futi mbili ndani kwangu, chifu anasema faili inashughulikiwa. Mama watoto akasema, "Baba nanihii, zima taa tulale."

Nilalaje? Nilitaka kujua mtu wa ploti 800,000 alivuna nini. Nikadhani atakuwa mkulima wa kutisha. Thubutu! Alileta kondoo wa merino kutoka New Zealand, wakafa. Udongo wa Njoro ulikuwa na upungufu wa madini, na Wamaasai walikuwa wakipaepuka kulisha pale, lakini nani aliwauliza? Ng'ombe nao wakafagiwa na magonjwa. Akapanda ngano, ikaliwa na kutu, ule ugonjwa wa ngano. Akaweka rehani mali ya ukoo wake kwao Uingereza, akakopa, akapata shamba jingine, Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, akaendelea kukopa. Anapozikwa huko Soysambu, ameacha deni la benki la pauni 500,000.

Pauni laki tano, jamani, za mwaka 1931! Mimi nikichelewesha marejesho kidogo tu, wadhamini wangu wanapigiwa simu siku hiyo hiyo, na mmoja ni shemeji yangu, ambaye akishapigiwa anaitangaza habari ukoo mzima kama tangazo la kifo. Huyu mwenzangu kadaiwa nusu milioni, wakamjengea sanamu katikati ya Nairobi na barabara wakaiita Delamere Avenue. Uhuru ulipokuja barabara ikawa Kenyatta Avenue, sanamu ikapelekwa Soysambu. Hata sanamu yake ilikuwa na shamba la kurudi.

Nisimchongee marehemu kwa kila kitu. Ngano hakuiacha. Aliajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazohimili kutu, na kampuni ya Unga, ya 1908, aliianzisha yeye. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilikuwa na chapati mkononi. Niliimaliza.

Kilichonishinda ni swali la binti. "Baba, kabla ya wazungu Bonde la Ufa lilikuwa la nani?" Nikamtafutia. Mwaka 1904 Wamaasai walitiliana mkataba na serikali, wakaondoka kwenye malisho yao ya bondeni, wengine wakapelekwa Laikipia. Mkataba unasema ardhi hiyo mpya ni yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, Laikipia nayo watoke! Milele ya serikali ilidumu miaka 7. Wakaenda kortini, kesi ya Ole Njogo, 1913. Korti ikasema hii ni mikataba baina ya mataifa, haiwezi kuiamua. Yaani siku ya kuhamishwa wewe ni raia wa kuamriwa, siku ya kushtaki unageuzwa taifa la kigeni. Nikakumbuka faili langu kwa chifu nikanyamaza.

Likabaki la mahojiano. Tukaenda kwa babu yake, ambaye ujana wake aliumaliza akikamua ng'ombe kwenye shamba la mlowezi mwingine huko Njoro. Binti akashika kalamu. "Babu, mlowezi alikuwa mtu wa aina gani?" Mzee akafikiri. "Alikuwa na ng'ombe mmoja wa madoa, anapiga teke vibaya sana." "Hapana Babu, mlowezi mwenyewe." "Huyo tulimwona mwisho wa mwezi. Ng'ombe ndio tuliwaona kila siku." Akawataja kwa majina, mmoja mmoja, na tabia zao. Ukurasa mzima.

Halafu akaingia ndani akatoka na kopo la majani chai. Ndani yake kulikuwa na kipande cha baba yake, kile kitambulisho cha enzi za mkoloni: kale kakijaluba ka bati, bado kana uzi wa shingoni, na karatasi ndani imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa atembee nacho, na bila sahihi ya mwajiri aliyekuachisha kazi, hupati pengine. Binti macho yakamtoka. "Vifaa halisi vina alama za ziada! Baba, lete gundi." Sijapata kumwona mzee wa umri ule akifunga kopo kwa kasi vile.

Mradi umerudi. "Anakaribia matarajio." Sababu zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Picha si ya rangi. Mahojiano yamewahusu ng'ombe. Kielelezo si sahihi, mlowezi hawezi kuishi kwenye kibanda cha nyasi chenye sakafu ya udongo. Lakini Lodi aliishi hivyo hivyo miaka yake ya kwanza Njoro! Nimesoma kwa bando langu mwenyewe! Na chini kabisa, pale nilipoweka hesabu ya ploti na pauni laki tano: "Mzazi apunguze maoni yake."

Sijamaliza kuuma meno, kundi likalia tena. Mradi ujao ni Ewart Grogan, yule aliyetembea kwa miguu kutoka Cape hadi Kairo. Mama watoto ameshaniwekea viatu mlangoni.