Kitunguu, paka na Wisława Szymborska

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwa Mama, nakata vitunguu vya kachumbari. Machozi yananitiririka, huku natabasamu. Mama akauliza kulikoni. Nikamwambia kuna mama mmoja wa Kraków, Polandi, aliyefariki mwaka 2012, ambaye ameandika shairi zima kuhusu kitunguu. Anaitwa Wisława Szymborska; tamka Shimborska.

Anachosema ni hiki: kitunguu hakina matumbo. Menya, utakuta kitunguu. Menya tena, kitunguu. Fika mpaka katikati, bado ni kitunguu tu. Sisi ngozi yetu imefunika mambo tusiyothubutu kuyatazama, ila chenyewe hakina cha kuficha. Ili kulisema hilo ilimbidi ajitungie maneno mapya ya Kipolandi, ya kutaja hali ya kuwa kitunguu. Mimi nililisoma kwa Kiingereza, lakini lilinikaa sawasawa siku nilipoliwaza kwa Kiswahili, maana kiambishi sisi tunacho tayari. Mtu ana utu. Kitunguu kina ukitunguu. Yaweke hayo mawili sahani moja uone: kitunguu hakijapungukiwa na ukitunguu wake hata siku moja, ilhali sisi utu unatuponyoka kila uchao.

Wengi wetu tuliingizwa kwenye ushairi kwa woga. Darasani shairi lilikuwa fumbo la kutafutia alama: taja vina, hesabu mizani, eleza dhamira. Mashairi ya vina nayapenda na nitaendelea kuyapenda. Kinachoniuma ni ile imani kwamba shairi likieleweka mara moja basi halina uzito. Szymborska alichapisha mashairi yasiyofika 400 katika maisha yake yote. Alipoulizwa kwa nini machache hivyo, alijibu kwamba nyumbani ana pipa la taka. Wepesi unaousoma kwake ni kile kilichosalia baada ya mengi kutupwa, na naamini kuandika hivyo ni kugumu kuliko kurundika misamiati.

Tuzo ya Nobel ya Fasihi alipewa mwaka 1996. Hotuba yake ya kuipokea aliijenga juu ya kauli ambayo kwetu ni neno moja tu: sijui. Kwake, huko ndiko msukumo wa kutunga unakotoka.

Ila ninalolipenda kuliko yote ni shairi la paka. Mwaka 1990 alifariki Kornel Filipowicz, mwandishi aliyekuwa mwenzi wake kwa miaka mingi. Mwingine angetunga maombolezo. Yeye alimwandika paka aliyeachwa ndani ya nyumba tupu. Shairi linaanza na lawama: kufa si jambo la kumfanyia paka. Paka anasikia nyayo kwenye ngazi, lakini sizo. Mkono unamwekea samaki kwenye kisahani, lakini siyo ule. Amekagua makabati yote, amejipenyeza hadi chini ya zulia. Mwisho anaazimia: huyo mtu akirudi tu, atasusiwa. Atamwendea polepole, kwa miguu iliyonuna, bila kurukaruka wala kulia, angalau mwanzoni.

Unacheka, kwa kuwa paka ndivyo walivyo. Kisha unakumbuka kwamba huyo mtu harudi, na paka hajui. Jina la marehemu halitajwi popote, wala mshairi hasemi kwamba ana huzuni. Mimi sijapata kusoma tanzia iliyonichoma kama hiyo.

Nililitafsiri palepale jikoni, kwa maneno yangu, mstari baada ya mstari. Mama alikuwa anakamulia ndimu kwenye kachumbari. Nilipofika pale paka anapopanga kununa, mkono wake ukasimama.

"Viatu vya baba yenu vilikaa mlangoni mwaka mzima," akasema. "Kila nikifagia, navirudisha palepale."