Globu Moja, Ofisi Nne

Kichochoroni kwetu, hapa Mji Mkongwe, kuna taa haijawaka tangu kabla ya Ramadhani. Pembeni yake pana gofu: paa hamna, ukuta umebonyea, ndani magodoro ya watu tusiowajua. Mwezi uliopita binti wa jirani, akitoka tuisheni, alinyang'anywa simu pale pale. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mwizi wangemkamata, giza je, wangelitia mahabusu?

Nikafuatilia taa. Ofisi ya kwanza: waya ni wetu, globu si yetu. Ya pili wanasubiri barua ya sheha, kiongozi wetu wa mtaa. Sheha kaandika zamani, nakala ninayo. Ya tatu na ya nne nisikuchosheni.

Siwaiti wavivu. Jeshi la Polisi ni la Muungano. Manispaa, umeme na hifadhi ya Mji Mkongwe viko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Nyumba nyingi za zamani ni za wakfu, nyengine za warithi waliotawanyika. Tena mji huu uko katika Urithi wa Dunia tangu 2000, gofu halivunjwi ovyo, na baada ya sehemu ya jumba la Beit el Ajaib kuporomoka Disemba 2020 mimi mwenyewe sitaki mzaha na kuta hizi. Lakini mwizi hajali mipaka ya ofisi. Yeye anatazama giza liko wapi.

New York mwaka 2016, polisi, ofisi ya meya na shirika la nyumba za umma walishirikiana kusimamisha minara ya taa kwenye mitaa ya nyumba hizo. Watafiti wakakuta uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku umepungua kwa takriban asilimia 36. Taa tu, jamani.

Kwetu naomba kidogo zaidi ya hapo. Kila mwezi, ofisini kwa sheha, wakae polisi, mtu wa manispaa, wa umeme, wa Mji Mkongwe na wa wakfu. Daftari liwe moja: taa ipi, gofu lipi, nani kalichukua, atamaliza lini. Kikao kinachofuata kianze kwa kuyasoma yale ya nyuma, wakaazi wakisikia. Chai tutachanga sisi.

Kwa sasa bibi mmoja jirani yangu katoa globu dirishani, kwa tukuza yake mwenyewe, umeme wa kulipia kabla. Anaiwasha Magharibi. Saa nne akienda kulala, anaizima.