Kabla ya betri, uliza waya wa athi

Barazani Ngamiani, hapa Tanga, kahawa ikishazunguka mara mbili, habari ya gari la umeme haikosi kuzuka. Mmoja atasema petroli imemshinda. Mwenzake atamjibu kwamba gari hilo likishika moto halizimiki, na wa tatu atauliza likikuishia chaji njiani Segera nani atakuvuta. Nimeyasikiliza mabishano haya kwa muda sasa. Pande zote mbili zina haki yake, ila zinagombania ya mbali na kuliacha lililo karibu kabisa, nalo ni nyaya za nyumba ambamo gari hilo litalala.

Kwenye pesa watetezi wana nguvu. Gari dogo la umeme, tuseme Nissan Leaf iliyokwisha tumika Japani, hula kama uniti 18 kwa kilometa 100, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama shilingi 6,400. Toyota IST, gari dogo la petroli, inayokunywa lita 7 kwa mwendo huohuo, petroli ikiwa jirani na shilingi 3,000, itataka 21,000. Hapo huna haja ya kungoja Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati, itangaze bei mpya ndipo ujue nani kashinda. Lisilosemwa ni kwamba nyumba inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, ikilipa ile bei nafuu ya shilingi 100 kabla ya kodi, itaondoka kwenye nafuu hiyo. Gari likitembea kilometa 100 tu kwa wiki, peke yake linamaliza uniti hizo 75 na kuzidi. Feni na friji navyo vitaonja bei mpya.

Kwenye umbali wenye shaka wana hoja, na wanunuzi wengi hawaijui mpaka wameshalipa. Leaf za kwanza, zilizotoka mwishoni mwa 2010, zina betri ya uniti 24, na zikiwa mpya zilipimwa Marekani kwenda kilometa kama 117. Kwenye dashibodi kuna vistari 12 vya afya ya betri, na kile cha kwanza hakifutiki mpaka betri imepoteza takriban asilimia 15. Ukiuziwa yenye vistari 9, umebaki na theluthi mbili hivi, yaani kilometa sabini na kitu. Hiyo ni kwenda Muheza na kurudi ukiwa umeshika roho mkononi. Adui hapa ni joto. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, na tangu 2012 wenye magari hayo kule Arizona walilalamika kwamba uwezo unashuka haraka. Januari na Februari yetu tunaijua. Anayelipaki juani likiwa limejaa chaji analizeesha mwenyewe. Magari mengine yenye betri za kupozwa kwa maji huvumilia zaidi. Kwa mtu wa Raskazone anayefanya kazi bandarini, hata hivyo, kilometa sabini ni nyingi kuliko anazozihitaji kwa siku tatu.

Moto unasemwa sana kuliko unavyostahili. Ni kweli moto wa betri ya lithiamu ni mkaidi: seli moja ikipandwa na joto huichoma ya jirani, kuuzima kunataka maji mengi mno, na waweza kurudi saa kadhaa baadaye ukidhani umekwisha. Lakini kuwaka kwenyewe ni nadra. Sweden mwaka 2022 ilihesabu mioto 23 katika magari kama 611,000 ya umeme na ya mseto, yanayotumia petroli na umeme. Nasi tuliozika Morogoro Agosti 2019, lori la mafuta lilipoua zaidi ya watu 100, hatuwezi kusema petroli ndiyo salama. Hofu moja naikubali kwa watu wa pwani, maji ya bahari. Baada ya kimbunga Ian kule Florida, mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya chumvi yaliwaka, mengine siku kadhaa baadaye. Madimbwi ya masika si mamoja na hayo, kwa kuwa betri hufungwa maji yasiingie.

Linaloniumiza mimi ni ukimya. Tanga ni mji wa baiskeli, na mwendesha baiskeli huliona gari la nyuma kwa masikio. Mchuuzi wa samaki atokaye soko la Deep Sea na tenga nyuma hageuki kila mara kutazama, husikiliza. Watoto wa madrasa kwenye barabara za namba za Ngamiani nao ni hivyohivyo. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, hauruhusu gari jipya la umeme lisilotoa sauti likienda chini ya kilometa 20 kwa saa. Leaf za mwanzo zina sauti hiyo, lakini zina pia kitufe cha kuizima. Asikizime mtu hapa kwetu. Vifaa vingine vya usalama vinavyosifiwa, kama kengele ya kukuonya unapotoka kwenye mstari, havina kazi mahali ambapo mstari wenyewe umefutika.

Turudi nyumbani. Chaja ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida huvuta ampea 10 hivi, na kujaza betri ya uniti 24 huchukua zaidi ya saa kumi. Birika la umeme huvuta kiasi hichohicho, ila kwa dakika tano. Soketi iliyolegea, inayovumilia birika, itayeyuka usiku watu wamelala. Ekstensheni iliyokunjwa ndiyo mbaya zaidi, joto halina pa kutokea. Halafu kuna athi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Chaja nyingi hujipima, na zisipoikuta athi hukataa kufanya kazi. Nimeona nyumba ambayo fundi aliunganisha athi na nyutro, waya wa kurudishia umeme, ndani ya soketi ili chaja ikubali. Ikakubali. Siku nyutro ikikatika huko nje, bodi nzima ya gari inabeba umeme, na mtoto aliye pekupeku kwenye udongo wenye unyevu ndiye atakayeshika mlango. Karibu na bahari chuma cha athi huliwa na kutu, kwa hiyo hata nyumba iliyofungwa vizuri zamani ipimwe upya, ipewe waya mnene wa gari peke yake, breka yake, na kifaa cha kukata umeme unapovuja.

Hayo yanawezekana kwa mwenye nyumba. Nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU, wapangaji wakichangishana kila wiki na kununiana nani ana friji, haina pa kuchomeka gari. Na humo ndimo wanamoishi madereva wa bajaji na bodaboda, wanaochoma mafuta kutwa nzima na ambao umeme ungewapunguzia gharama kuliko sisi sote. Kituo kimoja cha kuchaji pale stendi ya Kange, kilichofungwa athi ya kweli, kingewafaa watu hao kabla hatujaendelea kubishana habari za Segera.