Sanduku la kufuli tatu

Machi 2020 nilikuwa Leicester, chumba kimoja juu ya duka la nguo. Ghala nililokuwa nafanyia kazi lilifungwa kwa ajili ya korona, serikali ya Uingereza ikawa inatulipia asilimia 80 ya mshahara tukiwa tumekaa tu. Sitaki kusema uongo, pesa ile iliingia kila mwezi. Ila nilipougua, siku tisa, hakuna aliyegonga mlango. Jirani nisiyemjua alipenyeza kikaratasi chenye namba yake: ukihitaji maziwa au dawa, piga. Sikupiga. Mtu wa Tanga utaanzaje kumwomba mgeni maziwa?

Kule nyumbani Ngamiani, Tanga, mama anauza vitumbua karibu na shule. Shule zilipofungwa Machi 17, biashara ikafa siku hiyohiyo. Wanakikoba wenzake, wale wa kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, wakakutana barazani, wamekaa mbalimbali, ndoo ya maji tiririka mlangoni. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, asije mmoja akalifungua peke yake. Sasa mmoja wa wenye funguo alikuwa ndani anaumwa, kajifunika blanketi, anapiga nyungu ya mwarobaini na mchaichai. Ufunguo ukatolewa dirishani, umezamishwa kwenye kikombe cha maji ya sabuni! Wakasimamisha michango ya hisa, wakasamehe faini, mfuko wa jamii ukanunua unga na sukari. Mama hakuomba. Jirani aliona tu jiko la alfajiri haliwaki.

Juni 29 shule zikafunguliwa, mama akarudi na kikaango chake. Siku hiyohiyo Leicester tukatangaziwa kufungiwa upya, miji mingine ikijiandaa kufunguliwa.

Jicho hilo la jirani, jamani, ndilo lililonikimbiza mimi. Huwezi kununua kuku mtaa usijue. Na yule mpangaji mgeni pale mtaani kwetu, asiye na kikoba wala ndugu, nani aliangalia jiko lake? Mama anasema walimpelekea unga. Mara moja.

Kwa hiyo nachukia nikiwasikia wenzangu wa ughaibuni wakijigamba, "Sisi kwetu tunasaidiana," kana kwamba yameisha hapo. Lile sanduku lilinunua unga. Mzee wa nyumba ya tatu aliposhindwa kupumua, mwaka 2021, mtaa ulichanga usiku uleule, gari likapatikana, vijana wakambeba. Mtungi wa oksijeni haukupatikana. Khitma yake tuliichangia hata sisi wa huku, na pesa ikabaki ya kununua mikeka mipya.