Korona iliwapeleka wafanyabiashara wadogo mtandaoni, lakini wateja ni wa nani?

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza Machi 11, 2020 kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima, wenye maduka madogo hawakupata muda wa kujipanga. Milango ilifungwa, bidhaa zikabaki rafuni. Kuuza kwa intaneti, kazi ambayo wengi waliiahirisha miaka nenda miaka rudi, kukafanyika ndani ya siku chache: kupiga picha bidhaa kwa simu karibu na dirisha, kujibu maswali ya bei usiku wa manane, kufunga mizigo juu ya meza ya kulia chakula.

Wanaosema mtandao uliwaokoa wadogo wana hoja nzito. Nchini Uingereza, kabla ya janga, mauzo ya mtandaoni yalikuwa takriban moja ya tano ya rejareja yote. Januari 2021 yalivuka theluthi moja. Wateja waliokuwa wakiogopa kulipia kitu wasichokishika waliondokewa na woga huo. Fundi viatu aliyezoea kuwauzia wapita njia akaanza kupata oda kutoka miji ambayo hajawahi kukanyaga.

Hata hivyo, duka la mtandaoni mara nyingi limejengwa kwenye kiwanja cha mwingine. Machi 17, 2020 Amazon, soko kubwa la mtandaoni linalowahifadhia wauzaji bidhaa zao, ilisitisha kwa muda kupokea maghalani mwake mizigo mipya ya bidhaa zisizo za lazima, ili nafasi iende kwa chakula, dawa na mahitaji ya nyumbani. Uamuzi wenyewe unaeleweka. Lakini muuza mapambo aliyetegemea maghala hayo alikwama kwa tangazo moja ambalo hakuulizwa maoni yake. Dukani kwake, angalau, ufunguo ulikuwa mfukoni.

Kuna na gharama: kamisheni, matangazo ya kulipia, na gauni linalorudishwa likiwa na doa la vipodozi kwenye kola, nauli ya kwenda na kurudi ikiwa juu ya muuzaji.

Halafu wimbi likapungua. Maduka yalipofunguliwa, sehemu ya mtandao nchini Uingereza ilishuka hadi karibu robo. Julai 2022 Shopify, kampuni inayowapa wafanyabiashara nyenzo za kufungua maduka ya mtandaoni, ilipunguza takriban asilimia 10 ya wafanyakazi wake, na mkuu wake, Tobi Lütke, akakiri kwamba alikosea kudhani ongezeko la wakati wa janga lingedumu. Kampuni kubwa kama hiyo ilikosea hesabu. Sembuse mtu aliyekopa ili ajaze stoo.

Mimi naona kuingia mtandaoni kulikuwa sahihi, na robo si haba. Ninachokipinga ni kuweka wateja wote mikononi mwa jukwaa moja. Angalia kile kikaratasi chenye namba ya simu ya muuzaji ndani ya mzigo, kinachomwambia mnunuzi aagize moja kwa moja safari ijayo. Ni kitu kidogo sana, lakini Amazon inawakataza wauzaji wake kukiweka.