Kipimo cha vinasaba: kihengeni hapana, bandarini ndiyo

Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, hahitaji maabara ili atambuliwe. Mkulima wa Tabora, mkoa ulioonja balaa lake mwishoni mwa miaka ya 1970, anamjua akimwona: mwili kama kipande cha penseli, kichwa kimeinamia chini ya kifua, nyuma kama amekatwa kwa kisu. Fukusi naye ana mdomo mrefu mfano wa mkonga. Tena zipo dawa za vumbi madukani zinazochanganya viuatilifu viwili, kwa mfano pirimifosi-methaili inayomweza fukusi na permetrini inayomweza dumuzi. Hata akikosea jina la mdudu, mahindi yatapona. Kwa hiyo wanaosema kupima vinasaba vya wadudu wa nafaka ni anasa, kihengeni nakubaliana nao.

Bandarini sikubaliani nao hata kidogo. Huko anayeogopwa ni Trogoderma granarium, mdudu wa nafaka wa karantini, yaani wa kuzuiwa asiingie nchini, ambaye buu lake hukaa miaka katika ufa wa sakafu bila kula. Mkaguzi mara nyingi hamkuti mdudu aliyekomaa. Anakuta buu lenye manyoya kwenye mshono wa gunia, au gamba lililovuliwa. Ndugu yake, Trogoderma variabile, ana buu la kufanana naye mno. Kulilea hadi likomae ni kazi ya wiki kadhaa, na meli inalipishwa kila siku. Kipimo cha vinasaba kiitwacho LAMP huzidisha nakala za vinasaba kwa joto moja tu, nyuzi 65 hivi, na jibu hupatikana ndani ya saa moja.

Ila kipimo hicho hakitofautishi aliye hai na maiti. Gamba kavu la mwaka jana linaweza kutoa jibu sawa na la buu linalotambaa, na shehena safi ikazuiwa. Vilevile, vinasaba hulinganishwa na vya wadudu waliokwisha kutambuliwa kwa darubini na mtu aliyebobea. Mtu huyo akistaafu bila mrithi, kumbukumbu zenye makosa atazisahihisha nani?

Fedha zikiwa chache, mimi ningeanza na kupima vinasaba vya usugu dhidi ya fosfini, gesi ya kufukizia nafaka. Katika Tribolium castaneum, mdudu mwekundu wa unga, mabadiliko ya jeni iitwayo dld huonyesha usugu mkali, na darubini haiyaoni kamwe. Mtunza ghala anapaswa kuyajua kabla hajafunika turubai, ili aongeze siku za kufukiza au abadilishe dawa.