Nauli ya Kazi Itoke Mfuko wa Nani?

Mtumishi wa umma anayetumwa kutoka ofisi za kisiwani Mombasa kwenda Lunga Lunga hugharimiwa kwa mojawapo ya njia mbili: ama hupewa masurufu kabla ya safari, ama hutoa fedha zake kwanza kisha akadai arudishiwe. Masurufu yana masharti makali. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinamtaka arejeshe hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Akishindwa, fedha zote hukatwa katika mshahara wake pamoja na riba.

Ukali huo una sababu. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimetaja mara nyingi masurufu yasiyo na stakabadhi, na shilingi iliyolipia safari isiyofanyika ni shilingi iliyonyimwa zahanati. Kwa hiyo anayetaka gharama zirudishwe baada ya safari tu ana hoja nzito: serikali hulipa kilichokwisha kuthibitishwa.

Lakini uthibitisho wenyewe haupatikani kwa urahisi kila mahali. Tiketi ya treni ya Nairobi hujieleza yenyewe. Likoni, mtu wa miguu huvuka feri bila malipo, kisha hupanda matatu hadi Lunga Lunga na bodaboda hadi kijijini, na mwenye bodaboda hana kitabu cha risiti. Karani mwaminifu hukosa haki yake kwa kukosa karatasi, ilhali mjanja huja na risiti aliyoandikiwa na rafiki.

Tena kuna kungoja. Nauli ya kawaida ya treni ilipopanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, aliyejigharimia aliibeba nyongeza hiyo papo hapo. Afisa mkuu huweza kustahimili. Karani anayedaiwa karo huenda akakopa ili afanye kazi ya serikali, serikali ile ile itakayomtoza riba akichelewesha hesabu yake. Sioni haki katika hilo.

Naegemea, basi, upande wa masurufu kwa watumishi wa ngazi za chini, hata kwa safari ya siku moja. Kudai baadaye kubakie kwa dharura, na dai liwekewe siku ya mwisho ya kulipwa. Kwa bodaboda na tuktuk, utoshe ujumbe wa M-Pesa au orodha ya nauli iliyotiwa saini na mkuu wa kituo kilichotembelewa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwona mtumishi akifika.